Kunyang'anya Silaha au Kusalimisha?

Neno letu la wiki hii, wasikilizaji wapenzi, ni kitenzi cha Kiingereza "disarm". Ni kifupi, lakini humtoa jasho mfasiri wa habari kila vita vinapokaribia kwisha.

Waingereza walikipokea katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, nacho kilikirithi kutoka Kilatini, ambako "arma" ni silaha. Kiambishi "dis-" huondoa kilichokuwapo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "arm" ni mkono asije akadhani kuwa mtu anakatwa mikono! "Arm" ya mwilini ilikuwamo katika Kiingereza zamani, kabla ya neno hili la Kifaransa kuingia.

Sasa tuje kwetu. Tafsiri iliyozoeleka ni "kunyang'anya silaha". Lakini mnyang'anyi kwetu ni nani? Ni jambazi. Basi tukisema majeshi ya kulinda amani yamewanyang'anya waasi silaha, tumeshawapaka matope walinda amani. "Kupokonya" kuna nafuu kidogo, ila bado kuna nguvu ndani yake. "Kusalimisha" ni jambo jingine: mwenye silaha anaitoa mwenyewe. Kiingereza hubeba yote hayo kwa neno moja. Kiswahili hutulazimisha kuchagua.

Na uchaguzi huo si mchezo. Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, uliohusu vita vya Kongo, ulitaka makundi yenye silaha, wakiwamo Interahamwe, yasakwe na yaondolewe silaha. Lakini mpango ulioendeshwa baadaye na kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUC, ulikuwa wa hiari. Kwa Kiingereza, huku "disarm" na kule "disarm". Kuanzia 2002 Radio Okapi ikawa inatangaza kwa Kiswahili pia. Fikiria mpiganaji aliyejificha msituni Kivu, redio sikioni. Akisikia "kupokonywa", anajua anakuja kuwindwa. Akisikia "kusalimisha", huenda akafikiria njia ya kurudi nyumbani.

Wapo wanaodhani "silaha" na "suluhu" ni ndugu. Masikioni ndiyo, ila katika Kiarabu yalikotoka kila moja lina mzizi wake na huandikwa kwa "s" tofauti. "Kusalimisha" ndiko kwenye undugu na "salama".

Kitenzi hicho hutumika hata kwa bomu, na hapo Kiswahili hakina shida: bomu huteguliwa, kama mtego. Kutega na kutegua, kufunga na kufungua. "U" yetu hufanya kazi ya "dis-" bila kelele.

Limebaki tabasamu. Waingereza husema tabasamu la mtu "limemdisarm" mwenzake, yaani alikuja na hasira zake, akachekewa kidogo, zikamwishia. Hapo, msikilizaji, usitaje silaha kabisa. Sema tu hasira zilimyeyuka.