Kifaransa cha shuleni kinavyomkwamisha kijana wa Bagira anayejifunza CSS

BUKAVU – Kijana aliyesomea Bagira anapoanza kutengeneza tovuti, kosa lake la kwanza laweza kuwa neno moja tu. Ameandika "couleur" mahali pa "color", akahifadhi faili, akafungua ukurasa. Maandishi yamebaki meusi, na hakuna onyo lolote.

CSS ndiyo lugha inayopanga rangi, ukubwa wa herufi na nafasi kwenye tovuti. Kivinjari kikikutana na neno kisilolijua hulipita kimya kimya, na mwanafunzi anaweza kumaliza jioni nzima akidhani kompyuta ni mbovu.

Katika tarafa hii ya Bukavu, nyumbani ni Kiswahili au Mashi, darasani ni Kifaransa, na sasa kompyuta inadai Kiingereza. Ajabu ni kwamba CSS ilipendekezwa Oktoba 1994 na Håkon Wium Lie, raia wa Norway, akiwa CERN karibu na Geneva, mji wa wasemaji wa Kifaransa!

Tatizo haliishii kwenye maneno. Shuleni mtoto hufundishwa kuandika 1,5 kwa mkato, lakini CSS inataka 1.5 kwa nukta. Ukiweka mkato, agizo hilo linatupwa. Ukisahau nukta-mkato mwishoni, unapoteza agizo hilo pamoja na linalofuata. Na kwenye kibodi ya AZERTY, zile accolades zinazozunguka maagizo zimejificha: AltGr na kitufe cha 4 kufungua, AltGr na kitufe cha = kufunga.

Msaada upo, na wengi hawauoni kwa sababu umefichwa ndani ya kivinjari chenyewe. Kwenye kompyuta, fungua ukurasa wako kwa Chrome au Firefox, bonyeza F12, kisha chagua maandishi yaliyogoma. Agizo lenye kosa litaonekana limepigwa mstari, na alama ya tahadhari pembeni. Rangi nazo zina namba zisizojali lugha: #FF0000 ni nyekundu, #0000FF ni bluu. Tovuti ya MDN ina maelezo kwa Kifaransa, ingawa maagizo yenyewe hubaki kwa Kiingereza.

Kwa mazoezi, mega si lazima. Faili ya HTML na ya CSS katika folda moja hufunguka bila intaneti. Umeme ni habari nyingine: kwa kompyuta isiyo na betri, bonyeza Ctrl na S kila baada ya mistari michache.