Maganda ya Jikoni na Majani ya Uani

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam taka za aina mbili hutoka kila siku na kufuata njia mbili. Majani ya mwembe hufagiwa alfajiri, hukusanywa pembeni mwa ua na kuchomwa moto. Maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi na mabaki ya mboga hutiwa katika kiroba au katika shimo nyuma ya nyumba, yakisubiri gari la taka ambalo pengine halitafika wiki hiyo. Moshi humkera jirani wa upande mmoja, harufu humkera wa upande wa pili. Malalamiko yanapofika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa bwana afya, mwenye nyumba huona ameonewa, maana yeye hakutupa chochote barabarani.

Tunapenda ieleweke kwamba taka hizo mbili zinahitajiana. Maganda yana maji mengi na naitrojeni. Majani makavu yana kaboni na, lililo muhimu zaidi, huacha nafasi za hewa. Bakteria na kuvu wakipata hewa huzigeuza taka kuwa mboji yenye harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Hewa ikikosekana, kazi hushikwa na vijidudu vya aina nyingine, ambavyo hutoa uvundo pamoja na gesi ya methani. Hayo ndiyo yatokeayo katika shimo lililojaa maganda matupu, hasa masika linapojaa maji, na ndiyo yatokeayo kwa kiwango kikubwa katika dampo la Pugu Kinyamwezi, zinakopelekwa taka za jiji. Methani hupasha joto angahewa zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100.

Kwa hiyo usichome majani. Yaweke akiba katika kiroba karibu na lundo. Chagua mahali penye kivuli, palipoinuka kidogo, mbali na kisima na mbali na ukuta wa jirani. Tandika vijiti chini ili hewa ipite. Kwa kila ndoo moja ya maganda tia ndoo mbili za majani makavu. Maranda ya seremala yanafaa pia, mradi mbao hazikutiwa dawa. Maganda yafunikwe siku ile ile yanapowekwa, hata yasionekane kabisa. Katika maelekezo yote tunayotoa, hili ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo linalozuia nzi.

Geuza lundo mara moja kwa wiki. Ili kupima unyevu, fumbata konzi moja na uikamue: litoke tone moja au mawili. Maji yakichuruzika, ongeza majani; konzi ikipukutika, nyunyiza maji.

Wengi humwaga jivu la mkaa ili kuua harufu. Jivu kidogo halidhuru, lakini jingi huifanya naitrojeni itoroke hewani kama amonia, na mboji hubaki dhaifu. Dawa ya harufu ni majani na hewa.

Nyama, mifupa, matumbo ya samaki na chakula chenye mafuta visiwekwe. Huita panya, na panya huita nyoka. Ukikosa namna, vifukie peke yake kina cha nusu mita, mahali ambapo mbwa hawatafukua. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kamwe, wala mashina ya nyanya yenye ugonjwa. Vimelea hufa kwa joto la nyuzi 55 na zaidi likidumu siku kadhaa, na lundo lisilofika mita moja kila upande kwa kawaida halifikii joto hilo. Ukifunua na kukuta funza, usimwage dawa ya wadudu: geuza, ongeza majani makavu, waachie kuku.

Tunamtahadharisha mtumiaji kuhusu mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na mingi iliyochukua nafasi yake hufanana na kitambaa. Mingi kati ya hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki, haiozi. Hata mfuko ulioandikwa kwamba unaoza huenda ulipimwa kwa joto la viwandani, karibu nyuzi 58, ambalo ua wako hauna. Baadhi ya vifuko vya chai navyo vina nyuzi za plastiki. Vipasue, utie majani ya chai peke yake.

Kwa joto la pwani, lundo linalogeuzwa vizuri huiva kwa miezi mitatu au minne. Mboji iliyoiva ni nyeusi, haina joto, wala huwezi kutambua ganda lolote ndani yake. Ichekeche, kokwa za maembe na vipande vya makumbi virudi katika lundo jipya. Usiiharakishe, kwa kuwa mboji changa huiba naitrojeni ya udongo na kuifanya michicha kuwa ya manjano. Ukiwa na shaka, tia kiasi kidogo chenye unyevu katika kopo lenye kifuniko kwa siku tatu, kisha fungua unuse. Ikinuka vibaya, irudishe kwenye lundo kwa wiki nyingine mbili.