Gurudumu la Kaboni: Ufungaji, Utunzaji na Suala la Kuliita kwa Jina

Anayeteremka kwa baiskeli kutoka Iten kupitia Tambach hadi sakafu ya Bonde la Kerio hushuka zaidi ya mita 1,000. Kona ni kali, malori hupanda kwa kujikokota, na kwa muda wote huo uhai wa mwendeshaji hutegemea tairi mbili zenye upana wa milimita 28 hivi pamoja na rimu zinazozibeba. Iwapo rimu hizo ni za kaboni, basi yapo mambo ambayo ni sharti fundi ayajue kabla ya safari, na mengi kati yake hayalingani na yale aliyofunzwa na baiskeli ya chuma.

Makala haya yanaeleza namna gurudumu la aina hii linavyofungwa na kutunzwa. Msomaji wa jarida la Kiswahili huenda akauliza mada hii inamhusu vipi. Jawabu ni kwamba magurudumu haya, mapya na ya mitumba, yamekwisha kufika mikononi mwa mafundi wetu, ilhali maelezo yanayoandamana nayo huandikwa kwa lugha nyingine. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Vifaa vinasambaa, lakini maelezo yake kwa Kiswahili yangali nyuma.

Tuanze na majina, kwani fundi hawezi kumwonya mteja kuhusu kitu wasichokuwa na jina lake. Katikati ya gurudumu kuna kitovu, neno ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tangu mtoto wa kwanza alipozaliwa. Ndani ya kitovu huzunguka gololi, na katikati hupita ekseli. Kutoka kitovuni hutandaa njiti, ambazo mitaani huitwa spoki, hadi kwenye rimu, ambako kila njiti hukazwa kwa nati yake ndogo. Kiswahili hakijapungukiwa hapa. Tatizo lipo kwenye kitu kipya chenyewe. Rimu ya kaboni si chuma wala plastiki. Ni nyuzi nyembamba za kaboni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Nyuzi ndizo zenye nguvu, nayo gundi huzizuia zisiachane. Mengi katika utunzaji wake hutokana na ukweli huo mmoja.

Kwa fundi aliyelelewa na Black Mamba, rimu iliyopinda hurudishwa kwa kukaza na kulegeza njiti, na pengine kwa goti na nyundo. Rimu ya kaboni haipindi ikabaki imepinda. Huhimili, huhimili, kisha hupasuka. Kwa hiyo gurudumu la kaboni likianza kuyumba, fundi huangalia kwanza njiti iliyolegea au kukatika, halafu huchunguza kama kuna ufa. Kukaza njiti ili kuficha ufa ni kumtega mwendeshaji.

Katika ufungaji, kazi huanza kwenye kitovu cha nyuma. Fungu la gia lina meno ya ndani yanayoingia kwenye mifereji ya kitovu, na mfereji mmoja hutofautiana na mingine kwa upana ili gia zisikae kombo. Sehemu hiyo hupakwa grisi kidogo, kisha nati pana inayobana gia hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 40. Kipimo hiki huwasumbua wengi, maana mkono wa fundi umezoea amri moja tu: kaza! Spana yenye kipimo ni ghali, lakini bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kitovu kilichoharibiwa. Iwapo baiskeli ina breki za diski, diski isiguswe kwa vidole vyenye grisi, kwani mafuta machache tu hunywewa na vitambaa vya breki na kuvifanya vipige kelele na kukosa nguvu.

Tairi huvalishwa kwa mikono, na inapobidi kwa wenzo wa plastiki. Bisibisi na mpini wa kijiko, zana mashuhuri za kando ya barabara, hukwangua ukingo wa rimu na kuanzisha ufa. Rimu nyingi za kaboni zina kina kirefu, hivyo valvu fupi hufichika ndani yake. Aghalabu huhitajika valvu ndefu na nyembamba, ambayo pampu ya kituo cha mafuta haiwezi kuishika bila kiunganishi. Palipo na tairi zisizotumia tyubu, utepe wa ndani lazima ufunike matundu yote ya njiti bila mikunjo, kisha dawa ya kuziba pancha hutiwa.

Hapa pana jambo linalostahili kukaziwa. Baadhi ya rimu za siku hizi hazina kulabu kwenye ukingo wa ndani, ile mikunjo midogo inayoshika tairi. Rimu hizo hukubali tairi zilizotengenezwa kwa ajili yake pekee, na upepo usizidi baa 5, yaani pauni 72 hivi kwa kila inchi ya mraba. Mwendeshaji aliyezoea kujaza pauni 100 ataiona tairi hiyo kuwa laini mno, na atashawishika kuongeza. Februari 2024, katika mashindano ya UAE Tour, Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka na tairi yake ikatoka kwenye rimu ya aina hiyo. Mjadala mkubwa ukafuata kuhusu usalama wa muundo huo, wengine wakilaumu rimu, wengine wakisema gurudumu liligonga jiwe. Lililo wazi ni kwamba nambari iliyochapwa kwenye rimu na ile iliyochapwa kwenye tairi lazima zisomwe zote mbili, na ndogo ndiyo itakayofuatwa.

Turudi kwenye mteremko wa Tambach. Palipo na breki zinazobana rimu yenyewe, kila mara mwendeshaji anapofunga breki msuguano huzaa joto. Alumini hulisambaza joto hilo upesi. Kaboni hulikusanya mahali pamoja. Likizidi, gundi hulainika, ukingo hufura, na rimu huharibika kabisa. Ndiyo sababu raba za breki huwa za aina maalumu, na zile zilizokwisha kutumika kwenye alumini hazihamishiwi kwenye kaboni, kwa kuwa hubeba vipande vidogo vya chuma vinavyokwangua kama msasa. Namna ya kufunga breki nayo hubadilika: hufungwa kwa nguvu kabla ya kona, kisha huachiliwa ili rimu ipoe. Kuburuza breki kilomita nzima, tabia ambayo woga huifanya ionekane busara, ndiko hasa kunakoiua rimu. Mvua ikinyesha, umbali wa kusimama huongezeka. Breki za diski zimeliondoa tatizo hili la rimu, na magurudumu mengi mapya hutengenezwa kwa ajili yake.

Utunzaji wa kila wiki ni mwepesi. Maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Maji ya mashine ya kuoshea magari yasielekezwe kitovuni, kwani husukuma grisi nje na kuacha kutu kwenye gololi. Dawa ya kuziba pancha hukauka baada ya miezi michache, na kwenye joto hukauka mapema zaidi. Rimu hukaguliwa mchana, kidole kikipitishwa kandokando ya matundu ya njiti kutafuta ufa, uvimbe au tabaka linaloachana. Mafundi wengine huigonga polepole kwa sarafu: penye afya hulia kwa sauti kavu na kali, penye kasoro sauti hufifia. Jaribio hili husaidia, ila si hukumu ya mwisho.

Rimu iliyopasuka haipakwi gundi ya dukani, wala haiuzwi kwa bei ya chini kwa kijana anayejifunza mbio. Njiti na kitovu huweza kuokolewa kwa matumizi mengine. Rimu yenyewe hukatwa kwa msumeno, fundi akiwa ameziba pua na mdomo dhidi ya vumbi la kaboni, ili asiwepo atakayeiokota jalalani na kuifunga tena.