Batsinda: siku ya mapumziko isiyokula mtaji

BATSINDA, Kigali – Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja na nusu asubuhi. Mama mmoja anayeuza vitenge, mkazi wa Kampala, alitoka kwenye nyumba ya wageni jirani na kwangu akiwa na mkoba begani na daftari la madeni mkononi. Hesabu yake ilikuwa fupi: asubuhi akusanye pesa za wateja wake wa mjini, mchana apande basi Nyabugogo, usiku alale kwake.

Alipofika barabarani alikuta kumepoa. Maduka yalikuwa yanafungwa, magari ya abiria yamepungua, na watu wanashuka kilima na majembe na fyekeo mabegani. Akauliza kama kuna msiba. Nikamjibu kwamba ni umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Baada ya kazi watu hukaa kikao cha mtaa, kwa hiyo biashara huchelewa kuchangamka. Wateja wake wawili walimwambia kwa simu aje Jumatatu.

Mama huyo amekuwa akiingia Rwanda kwa miaka tisa. Nilimuuliza nchi hii anaijuaje, akanihesabia kwa vidole: mpaka wa Gatuna, stendi ya Nyabugogo, maduka ya Mateus mjini, na kitanda cha gesti. Vidole vinne, miaka tisa.

Wasomaji wengi wa gazeti hili mtajiona hapo. Mfanyabiashara wa mipakani huhesabu siku ya kukwama kuwa hasara, hivyo hujifungia chumbani akilinda pesa na kuchungulia simu. Lakini kuna hasara nyingine isiyoandikwa daftarini. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Mama huyu alikuwa na madeni upande huu. Aliporudi, vibanda vilikuwa na watu wengine na namba kadhaa za simu hazipatikani. Hakujua mteja hata mmoja anakaa kilima gani. Aliwajua kama namba tu.

Kwa hiyo Jumamosi ile, saa tano ilipopita, nilimwambia: dada, acha mkoba mkubwa, funga viatu, twende ukaone.

Maji yanayopita bila hati

Batsinda iko kaskazini mwa jiji, katika tarafa ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Wengi waliijua mwishoni mwa miaka ya 2000, zilipojengwa nyumba za gharama nafuu kwa familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini, karibu na katikati ya mji. Leo ni mtaa wenye soko, stendi na nyumba za kupanga, na kwa mfanyabiashara faida yake ni kwamba chumba hapa hakimlizi mtu kama mjini.

Faida ya pili haina malipo. Ukisimama pembeni mwa mtaa ukatazama magharibi, utaona bonde pana, na ng'ambo yake kilima cha Jali chenye minara ya mawasiliano kichwani. Chini ya bonde hilo ndipo unapopita mto Nyabugogo, na sambamba nao barabara ya kwenda Gatuna. Mama wa vitenge alikuwa ameipita barabara hiyo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, ila siku zote akiwa usingizini ndani ya basi. Hakuwahi kuiona kutoka juu.

Mto huo una habari yake. Unatoka Ziwa Muhazi, kaskazini mashariki ya Kigali, unashuka bondeni hapa na kuipa jina stendi ya Nyabugogo, kisha unaingia Nyabarongo. Nyabarongo inauzunguka Mlima Kigali, inakutana na Akanyaru na kuzaa Akagera. Akagera inagusa mpaka wa Burundi, inaporomoka Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania, na mwishowe inaingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Kutoka hapo ni Jinja, na Nile mpaka Misri. Maji tuliyokuwa tunayatazama yalikuwa yanaelekea kwao mama huyu, kwa njia ndefu, bila kugongwa muhuri popote.

Bondeni utaona mashamba ya miwa. Hiyo ni miwa ya kiwanda cha sukari cha Kabuye, kilichoanza mwaka 1969 na ambacho tangu 1997 kinamilikiwa na kundi la Madhvani, wale wale wa Kakira kule Uganda. Anayefanya biashara ya sukari anaweza kutazama hapo akajifunza jambo kuhusu bidhaa yake.

Mteremko wa Gisozi

Kutoka Batsinda tulipita Kagugu, tukashuka kuelekea Gisozi. Njia ni nzuri kwa miguu: ina kivuli kidogo, migomba kwenye mabonde, na kila kona jiji linajitokeza upande mwingine. Kwenye kibanda cha maziwa tuliagiza ikivuguto, maziwa mgando ya hapa, kwa chapati. Kiu na njaa vyote vilikwisha, na mtaji haukutikisika.

Gisozi ina sehemu mbili ambazo mgeni hapaswi kuzichanganya. Ya kwanza ni Gakiriro, kituo cha mafundi wa mbao, samani na vyuma. Ukiuza misumari, rangi au vitasa, tembea humo hata kama hununui. Utajua mafundi wa Kigali wanataka nini kabla hujapakia mzigo.

Ya pili ni Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Huendi kutalii kwa maana ya kujifurahisha. Unaingia kimya, unavaa kwa heshima, hupigi picha bila kuuliza, na unapanga muda wa kukaa peke yako baadaye. Mama wa vitenge alikaa bustanini muda mrefu bila kusema neno. Tulipotoka alisema amekuwa akiuliza wateja wake kwa nini hawapendi kuongelea familia zao, na kwamba hatauliza tena.

Kama una siku nzima

Tuseme umekwama siku nzima, au umeamua mwenyewe kuongeza siku moja. Zipo njia nyingine.

Mlima Kigali, upande wa magharibi juu ya Nyamirambo, una msitu wa kutembea na mandhari ya bonde la Nyabarongo. Juu huko kuna Fazenda Sengha, mahali ambapo mtu anaweza kupanda farasi au kujifunza kurusha mishale. Ukishuka, ingia Nyamirambo na Biryogo. Hii ndiyo mitaa ya Kiswahili ya Kigali tangu zama za ukoloni, walipokaa wafanyabiashara Waislamu wa pwani na wa nchi jirani. Hapo utasalimiwa kwa lugha yako, utakula pilau, na utaelewa kwamba wewe si mfanyabiashara wa kwanza kufika hapa na mzigo.

Nyandungu, kwenye njia ya kuelekea mashariki, ni bustani ya ardhi oevu iliyofunguliwa mwaka 2022, zaidi ya hekta 120. Zamani lilikuwa bonde lililoharibiwa. Sasa lina njia za kutembea na za baiskeli, mabwawa na ndege. Sehemu ya kuingilia utalipa, basi uliza bei kwanza.

Umusambi Village ni makazi ya korongo taji waliookolewa kwenye nyumba na hoteli walikokuwa wakifugwa, na ambao hawawezi tena kuruka. Ndege huyo ndiye aliye katikati ya bendera ya Uganda. Mganda akifika hapo ataiona alama ya taifa lake ikitembea kwenye majani ya Rwanda.

Usipite tu ukiwa njiani

Siri ambayo wasafiri wengi wa mabasi hawaijui ni kwamba kila mpaka una mahali pa kusimama karibu na barabara.

Unayetokea Gatuna, ambayo ni kama kilomita 80 kutoka Kigali, utapita Mulindi. Bonde zima ni chai, kijani kama zulia lililotandikwa kati ya vilima. Juu yake ndipo palipokuwa makao ya RPF wakati wa vita vilivyoanza Oktoba 1990, na leo pana makumbusho ya ukombozi yenye handaki alimokuwa akifanyia kazi kamanda wao, Paul Kagame.

Unayetokea Kagitumba utapita mwisho wa mashariki wa Ziwa Muhazi, ziwa refu na jembamba kama nyoka, penye samaki na mitumbwi. Jirani ni kilima cha Gahini. Uamsho wa kikristo ulioenea Afrika Mashariki nzima, uliowapa Waganda neno balokole, uliwaka hapo katika miaka ya 1930. Upande mwingine wa ziwa, huku Gasabo kwetu, kuna kilima chenyewe cha Gasabo, ambako masimulizi ya wazee yanasema ufalme wa Rwanda ulianzia.

Unayetokea Tanzania utasimama Rusumo kwa ajili ya hati. Wakati foleni inasonga, tazama maporomoko ya Akagera. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen aliingia Rwanda kwa njia hiyo. Leo maji hayo yanazungusha mitambo ya megawati 80, umeme unaogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Ni mto ule ule wa bondeni kwetu Batsinda.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, saa. Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma kwa saa moja kuliko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Wengi wamewahi kufika stendi kabla ya wakati, na wengine wakaachwa na basi wakati wa kurudi.

Pili, kuvuka barabara. Hapa magari huenda upande wa kulia. Mtu wa Uganda, Kenya au Tanzania azoee kutazama kushoto kwanza. Kosa hili halisamehewi na moto.

Tatu, moto hubeba abiria mmoja tu, mwenye kofia ngumu. Usimshawishi dereva akubebe na mwenzako. Atakataa, naye ana haki.

Nne, mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku tangu 2008. Funga chakula chako cha safari kwenye karatasi au kikapu.

Tano, vitambulisho. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Wengine watembee na hati waliyoingilia nayo. Usiiache gesti unapokwenda kutembea.

Sita, pesa. Mauzo yako yaweke kwenye simu au benki kabla ya kwenda kokote, na mfukoni beba ya nauli na chakula. Siku ya kutembea ukiitenga kwenye bajeti kama unavyotenga nauli, haitakula mtaji. Inayokula mtaji ni siku usiyoipanga, unaponunua vinywaji kwa sababu ya upweke.

Saba, kama Jumamosi ya umuganda imekukuta, chukua jembe. Mgeni halazimishwi, lakini anakaribishwa. Na Jumapili mbili kila mwezi baadhi ya barabara za jiji hufungwa asubuhi ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Desturi hiyo ilianza mwaka 2016, na kushiriki ni bure.

Daftari jipya

Tulirudi Batsinda jua likizama nyuma ya Jali. Mama wa vitenge alikuwa na vumbi hadi magotini na alilalamikia miguu. Jumatatu alikwenda mjini kudai madeni. Mmoja alilipa yote, mmoja alilipa nusu, wa tatu hakuonekana. Hakuna miujiza katika hilo.

Ila safari hii alifanya jambo ambalo hakulifanya miaka tisa. Kila mteja aliyempata alimuuliza: unakaa kilima gani? Mmoja alimwambia Kagugu, akacheka, kwa kuwa alikuwa amepita mlangoni kwake siku mbili kabla bila kujua. Wakapanga kwamba safari ijayo atafikia kwake chai kabla ya kuongea biashara.

Usiku kabla ya kuondoka alinionyesha daftari. Pembeni ya kila namba ya simu ameongeza jina la kilima: Kagugu, Gisozi, Kimisagara, Nyamirambo. Mahali pa yule wa tatu ameacha wazi. Amesema atapajaza.