Vifaa vya matibabu: haraka isizidi hadhari

Huenda umejiuliza kwa nini kifaa kipya cha matibabu hukawia kufika hospitalini ilhali wagonjwa wanakihitaji. Fikiria koili iliyoitwa Dalkon Shield. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1971, wakati sheria haikudai koili ithibitishwe kuwa salama kwanza. Uzi wake ulikuwa na nyuzi nyingi ndogo, na viini vya maradhi vikapandia humo hadi kwenye mji wa mimba. Wanawake wengi waliugua, baadhi wakawa tasa, wengine wakafa. Mwaka wa 1974 mauzo yalisimamishwa huko.

Lakini kuchelewesha kila kifaa pia huua. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1976 iligawa vifaa katika makundi matatu kulingana na hatari. Bendeji hupita upesi. Kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo huchunguzwa sana. Hapa Kenya, jukumu hili ni la Bodi ya Dawa na Sumu.

Koili za siku hizi zina uzi usiosokotwa, na ni salama kwa wanawake wengi. Hata hivyo, ukiwekewa kifaa chochote mwilini, uliza jina lake na kama kimesajiliwa. Ukipata homa au maumivu chini ya kitovu baada ya kuwekewa koili, muone daktari mara moja.