Mashabiki Waliouvunjavunja Tetris ili Kuuelewa

Wengi waliokulia mijini Afrika Mashariki waliujua kwanza mchezo wa Tetris kupitia kidude cha plastiki kilichoitwa Brick Game, chenye skrini ya kijivu na maandishi yaliyojigamba kuwa ndani yake mna gemu 9,999. Kidude hicho kilitengenezwa China bila kibali cha mwenye haki, na hesabu yake ilikuwa ya kumlaghai mnunuzi. Gemu zenyewe zilikuwa chache, ila kila badiliko la kasi na la kiwango lilihesabiwa kuwa gemu mpya. Naanza na udanganyifu huo kwa sababu unatupa kipimo. Kuongeza kasi peke yake si kuunda namna mpya ya kucheza. Namna mpya huzaliwa pale kanuni moja inapoondolewa au kugeuzwa, mchezaji akalazimika kufikiri kwa njia ambayo hakuwahi kuihitaji. Nikitumia kipimo hicho, naona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuuelewa mchezo huu mashuhuri imefanywa na mashabiki wanaotengeneza matoleo yao wenyewe na kuyagawa bure, na kwamba kazi hiyo inastahili heshima na kinga kuliko inavyopata sasa.

Alexey Pajitnov alikuwa mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti jijini Moscow alipoutunga mchezo huu mwaka 1984. Kompyuta yake, Electronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hiyo vipande vya kwanza vilikuwa alama za mabano tu. Miraba minne ikiunganishwa ubavu kwa ubavu hutoa maumbo saba, basi. Uwanja una upana wa miraba 10 na kimo cha mistari 20. Mstari ukijaa unafutika, rundo likifika juu mchezo umekwisha. Kanuni ni chache, lakini ndani yake mna mambo manne yaliyofungwa pamoja: bahati ya kipande kijacho, mbio za wakati, macho yanayosoma rundo, na mikono inayotekeleza. Mchezo wa kawaida huyapima yote kwa mkupuo mmoja, hivyo mtu akishindwa haijulikani hasa kilichomshinda ni kipi. Mashabiki walitia mkono hapo hapo, wakalifungua fundo na kuziachanisha kamba zake.

Tazama walichokifanyia bahati. Mwaka 2010 Sam Hughes, mwandishi na mwanaprogramu wa Uingereza anayejulikana zaidi kwa jina la qntm, aliweka kwenye intaneti toleo lake aliloliita HATETRIS. Humo vipande havishuki vyenyewe. Mchezaji ana muda wote autakao, na akikosea anaweza kurudi hatua moja nyuma. Kilichobadilika ni mgawaji wa vipande. Kila zamu programu huvipima vipande vyote saba, ikaangalia kila mahali ambapo mchezaji angeweza kukiweka kila kimoja, kisha ikampa kile ambacho hata kikiwekwa mahali pazuri kuliko pote kitaliacha rundo likiwa juu kuliko vingine. Wakati umeondolewa, bahati imeondolewa, wepesi wa vidole hauna kazi. Kilichobaki ni akili ya mtu dhidi ya mgawaji anayemtakia mabaya. Anayeijaribu kwa mara ya kwanza ana sababu ya kufurahi akifuta mstari mmoja tu.

Kwa takribani miaka 10 rekodi ya gemu hiyo haikuvuka mistari 50. Ilipovuka, ilikuwa kwa sababu wachezaji wameacha kutegemea vichwa vyao na kuanza kuandika programu za kupekua mamilioni ya njia. Wakafika mistari 66, na waliowafuata wakapita hapo. Mlango walioupenya ulikuwa wazi tangu mwanzo: mgawaji yule mwenye chuki huangalia kipande kimoja tu mbele, kwa hiyo hawezi kuuona mtego anaotegewa kwa hatua nyingi. Hili ni jambo kubwa. Gemu iliyoandikwa na mtu mmoja bila kutafuta faida ikageuka kuwa uwanja wa utafiti, ambamo watu waliulizana kwa uzito wote kama uchoyo wa hatua moja unaweza kushindwa na subira ya hatua mia.

Swali lenyewe lilikuwa na historia katika hisabati. Mwaka 1992 John Brzustowski, mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alichunguza katika tasnifu yake kama mtu anaweza kuushinda Tetris, akaonyesha kwamba mashine inayofuatilia hatua za mchezaji inaweza kumlazimisha kushindwa. Mwaka 1997 Heidi Burgiel akathibitisha kwamba vipande vyenye umbo la S na la Z vikija kwa kupokezana, mchezo utakuwa umekwisha kabla ya vipande 70,000, hata mchezaji awe hodari namna gani. Bahati nasibu ya kweli ikiachiwa muda usio na kikomo itautoa mfuatano huo siku moja; kwa hiyo kila mchezo unaotegemea bahati nasibu kamili lazima uwe na mwisho. HATETRIS ina chaguo la mgawaji aliyepewa jina la Brzustowski, na jingine la mgawaji mpole kupita kiasi anayetoa vipande virefu tu. Tasnifu iliyokuwa ikisomwa na wachache katika maktaba ya chuo ikawa kitu ambacho mtoto wa shule anaweza kukigusa kwa vidole vyake.

Matoleo rasmi yalielekea upande wa pili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kanuni za wenye haki huvichanganya vipande saba kana kwamba vimo mfukoni, vikatolewa vyote kabla mfuko haujajazwa upya, na kwa sababu hiyo kati ya kipande kirefu na kirefu kinachokifuata haviwezi kupita vipande vingine zaidi ya 12. Ni uamuzi wa busara kwa mfanyabiashara, kwani mteja hapendi kuonewa. Lakini mfanyabiashara hawezi kuuza gemu inayomchukia mteja wake, na maswali ambayo gemu ya namna hiyo inayajibu yasingepata majibu kama yangesubiri kampuni. Shabiki hana mauzo ya kulinda. Uhuru huo ndio mtaji wake.

Kamba nyingine ni wakati. Katika namna iitwayo mistari 40, inayopatikana karibu katika kila toleo la mashabiki, kufika mbali hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni sekunde tu. Mistari 40 ni miraba 400, yaani vipande 100, na mabingwa humaliza chini ya sekunde 20. Hiyo ni zaidi ya vipande vitano kila sekunde, kasi ambayo haimwachii mtu nafasi ya kuamua juu ya kipande kimoja kimoja. Lazima awe ameshapanga kadhaa mbele wakati mikono bado inashughulikia vilivyotangulia. Halafu kuna kamba ya macho. NullpoMino, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Java, ina namna ambayo vipande hutoweka baada ya kutua, na mchezaji anajenga juu ya rundo analolibeba kichwani. Haki itendeke hapa: vipande visivyoonekana vilitangulia katika Tetris: The Grand Master, mfululizo wa kampuni ya Arika ulioanza mwaka 1998 katika kumbi za michezo za Japani. Mashabiki hawakuwa wabunifu wa kila kitu. Ila mashine za Arika zilikuwa Japani, na nje ya kumbi hizo wengi walizionja namna zake kupitia nakala zilizoandikwa na wapenzi wa mchezo. Kukiokoa kitu kisiishie katika kumbi chache nako ni kazi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka kwenye kaseti ya Nintendo ya mwaka 1989. Katika kaseti hiyo, kufikia kiwango cha 29 kipande hushuka mstari mmoja kila fremu, yaani huumaliza uwanja mzima kwa theluthi moja ya sekunde. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipohesabiwa kuwa mwisho wa uwezo wa binadamu. Mashabiki wakatengeneza toleo la mazoezi liitwalo TetrisGYM, ambalo limeichukua gemu ile ile na kuikatakata kwa ajili ya kujifua. Ipo namna ya ukame, ambapo vipande virefu vinaadimika kwa makusudi ili mtu ajifunze kungoja bila kuliharibu rundo. Ipo inayomwanzisha mchezaji karibu na pale kasi inapobadilika, asipoteze dakika nyingi kufika mahali panapomshinda. Ipo ya rundo lililokwisha kuchafuka. Kila moja inatenga hofu moja na kuirudisha mpaka izoeleke. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, Willis Gibson, alifika kiwango cha 157, gemu yenyewe ikaganda. Binadamu wa kwanza kuifikisha hapo. Sisemi kwamba namna za mazoezi peke yake ndizo zilizomfikisha. Mbinu mpya ya kubonyeza vitufe vya kidhibiti kwa kukipigapiga kwa nyuma ilichangia mno. Lakini jamii iliyoikuza mbinu hiyo ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikijifua katika matoleo yasiyo rasmi, na sioni namna ya kuitenga na mafanikio yake.

Wapo wanaosema wingi huu unauua mchezo. Uzuri wa Tetris, wanasema, ni kwamba bibi na mjukuu hucheza kitu kimoja, wala hakuna anayehitaji maelezo. Nawaelewa, na sehemu moja ya hoja yao ni kweli: matoleo ya mashabiki mara nyingi humpokea mgeni kwa orodha ndefu ya machaguo yasiyoelezwa, akafunga dirisha kabla hajaanza. Hilo ni kosa la upangaji na linarekebishika. Hata hivyo mchezo wa awali haujaondoka popote. Bibi hatakiwi kukutana na mgawaji mwenye chuki asipotaka. Anayemtafuta mgawaji huyo ni yule aliyekwisha kuupenda mchezo kiasi cha kutaka kujua umefumwaje.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Mchezo una aliyeutunga, na aliyeutunga aliteseka. Kwa kuwa haki zilikuwa mikononi mwa dola ya Kisovieti, Pajitnov hakupata mrabaha wa maana mpaka mwaka 1996, alipoungana na Henk Rogers kuanzisha kampuni ya kusimamia Tetris. Anayemnyima sasa alichokingojea miaka 12 anamdhulumu mara ya pili. Nakubali hivyo pasipo shaka, na ndiyo maana siwatetei watengenezaji wa nakala za kuuza. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho huko New Jersey iliamua dhidi ya kampuni ya Xio Interactive, iliyokuwa imetoa gemu ya simu iitwayo Mino. Mahakama ilisema kanuni za mchezo hazilindwi na hakimiliki, ila mwonekano unalindwa: maumbo na rangi za vipande, vipimo vya uwanja, kivuli kinachoonyesha kipande kitatua wapi. Xio ilikuwa ikifanya biashara kwa sura ya mwingine, na sioni kosa katika hukumu dhidi yake.

Tatizo ni kwamba mstari uliochorwa na mahakama unawaweka mahali pamoja watu wasiofanana. Sawa na bao na drafti, mchezo huu unaishi katika kanuni zake, na kanuni hizo ni za kila mtu. Lakini kanuni ya vipande saba katika uwanja wa 10 kwa 20 haiwezi kuchunguzwa bila vipande saba katika uwanja wa 10 kwa 20. HATETRIS yenye uwanja wa upana mwingine isingejibu swali la Burgiel. TetrisGYM yenye vipande vya sura nyingine isingemfundisha mtu yeyote kaseti ya 1989. Kwa mfanyabiashara mwonekano ni pambo la kuvutia mteja; kwa mchunguzi ni kifaa cha kazi. Na wenye haki si walinzi wa kutegemewa siku zote. Mei 2019 Tetris Friends, tovuti rasmi ambako watu walichezeana kwa miaka, ilifungwa. Wachezaji waliobaki bila mahali walihamia Jstris, na kuanzia 2020 TETR.IO, zote kazi za watu waliojitolea kwanza na kufikiria fedha baadaye.

Kibali cha kudumu kwa matoleo yasiyouzwa, yaliyotaja wazi kwamba si rasmi, kisingempunguzia Pajitnov senti ambayo angeipata vinginevyo, kwa sababu hakuna anayelipia HATETRIS badala ya kununua gemu rasmi. Na kingemwongezea wanunuzi. Mwaka 2025 Arika ilitoa toleo la nne la The Grand Master, miaka 20 baada ya la tatu, safari hii kwa kompyuta za dunia nzima badala ya kumbi za Japani. Walikuwepo watu wa kulipokea nje ya Japani, wakizifahamu kasi zake na vipande vyake visivyoonekana, na wengi wao walizijua kupitia nakala za bure ambazo hazijawahi kupewa ruhusa.