Tazama Namba, Achana na Vimistari

Wateja wangu wa Mji Mkongwe wana ombi lao: "Fundi, tuwekee ruta yenye nguvu." Nguvu si dawa ya ukuta wa mawe wa karibu nusu mita. Mimi natazama kasi ya kiungo kwenye kompyuta. Karibu na ruta ya Wi-Fi 5 inasoma megabiti 866 kwa sekunde. Chumba cha pili 585, chumba cha nyuma 260.

Kilichopungua ni mzigo unaobebwa na wimbi. Kwenye 866 wimbi huchukua mojawapo ya maumbo 256, kila umbo likibeba biti 8. Maumbo hayo yamekaribiana mno, na kelele zikizidi mpokeaji huyachanganya, kama khanga mbili za rangi zinazoshabihiana zikitazamwa wakati wa magharibi. Ruta isipojibiwa pakiti zake huteremka: maumbo 64, kisha 16. Pale kwenye 260 ni 16 tu, na nusu ya biti ni za kurekebisha makosa. Kila baada ya muda hujaribu kupanda tena. Simu ya 4G nayo huupelekea mnara alama ya ubora wa mawimbi, 0 hadi 15, na mnara unaweza kubadili uamuzi kila milisekunde.

Sasa antena. Mbili zikirusha mikondo miwili kwa wakati mmoja, kwenye masafa yaleyale, inatenganishwaje? Kwa mwangwi! Kila mkondo hugonga kuta kwa njia yake, antena za mpokeaji zikapata michanganyiko tofauti, hesabu ikaichambua. Mafundi wa redio wa zamani waliuona mwangwi kuwa adui. Mwaka 1996 Gerard Foschini wa Bell Labs alionyesha kuwa ni mtaji. Ndiyo maana juu ya paa, pasipo ukuta wa kurudisha wimbi, unaweza kukuta 433 wakati vimistari vya nguvu ya wimbi vimejaa: mikondo imefanana, mmoja umeachwa. Kwa hiyo ruta huchagua mawili pamoja, idadi ya mikondo na idadi ya maumbo, na mara nyingine mkondo mmoja ulioshiba hushinda miwili yenye njaa.

Basi nikiitwa huitoa ruta sebuleni, nikaitundika ukumbini mkabala na mlango wa chumba cha nyuma, antena moja wima, nyingine nimeilaza ili mikondo isifanane. Gharama ni waya tu. Mteja mmoja hakuridhika, akanunua kubwa yenye antena nane. Ameiweka nyuma ya friji.